Jinsi ya kuwajibu wanauchumi wa Hazina kabla kodi haijapita

Ukingoja Mswada wa Fedha, ule unaobeba mapendekezo ya kodi ya kila mwaka, ndipo uanze kusoma, umechelewa. Wanauchumi wa Hazina ya Kitaifa huwa wamekwisha kupiga hesabu zao kwenye Taarifa ya Sera ya Bajeti, ambayo sheria ya Kenya inataka ifike Bungeni kufikia Februari 15. Mimi nafundisha hesabu za biashara kwa akina mama waoka mikate hapa Likoni, na sisi huanzia hapo.

Ruka maneno ya utangulizi, nenda kwenye majedwali. Uchumi umekadiriwa kukua kwa asilimia ngapi? Kodi itakusanywa kiasi gani, na deni litaongezeka kwa kiasi gani? Linganisha na kilichokusanywa kweli mwaka uliopita. Kisha soma uchambuzi wa Ofisi ya Bajeti ya Bunge. Hao nao ni wanauchumi, ila kazi yao ni kuwashauri wabunge. Pale wanapopishana na Hazina, weka alama. Utaalamu peke yake haujamaliza jambo hilo. Limebaki la kuamuliwa na wabunge, na wabunge ni wetu.

Mswada wenyewe hutoka kufikia mwisho wa Aprili. Usijaribu kuujibu wote. Chagua kifungu kimoja kinachogusa kazi yako, ukipigie hesabu. Mswada wa 2024 ulitaka mkate utozwe VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16: mkate wa shilingi 65 unaongezeka shilingi 10 na senti 40. Ulitaka pia kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani kila mwaka, yaani shilingi 20,000 kwa gari la 800,000. Mapendekezo hayo mawili yaliondolewa Juni 18, kabla ya vijana kuuawa kwenye maandamano ya Juni 25 na Rais kukataa kuutia saini mswada mzima.

Hapa pana mtego ambao wengi hawauoni. Bidhaa inayotozwa VAT ya asilimia sifuri na bidhaa iliyosamehewa VAT si kitu kimoja. Kwa ile ya sifuri, mwoka mikate aliyesajiliwa hurudishiwa VAT aliyolipa kwenye vifungashio na umeme. Kwa iliyosamehewa harudishiwi, na gharama hiyo huingia kwenye bei kimyakimya. Ukiona bidhaa yako imehamishwa kutoka sifuri kwenda msamaha, usishangilie neno "msamaha".

Sasa andika. Ukurasa mmoja unatosha, kwa Karani wa Bunge la Taifa, kwa ajili ya Kamati ya Fedha. Taja namba ya kifungu, hesabu yako, na maneno unayotaka yawekwe badala yake. "Tunapinga" peke yake haimsaidii mbunge aliye upande wako anapobishana na mtaalamu wa Hazina. Mpe hesabu ashike mkononi. Haki hiyo iko katika Ibara ya 118 ya Katiba, kwa hiyo usiandike kama mtu anayeomba fadhila.

Baki na nakala yenye tarehe. Ripoti ya kamati ikitoka, tafuta kifungu chako: huwa inaonyesha nani alisema nini na kamati iliona nini. Ukikuta maoni yako yamekataliwa bila sababu, hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza mbunge wako akija mtaani.