Maonyesho ya Sanaa ya Watoto Wanaosomea Nyumbani: Anza na Ukuta

Waandaaji wengi huanza kwa kutangaza. Tangazo linasambaa kwenye makundi ya wazazi, kazi zinamiminika, halafu siku moja kabla ya maonyesho inagundulika kwamba picha ni mia na ukuta unabeba nusu yake. Anza na futi ya kupimia. Ukishajua ukuta una mita ngapi zinazotumika, mengine karibu yote yanafuata: idadi ya watoto, kazi ngapi kwa kila mmoja, ukubwa wa karatasi, hata watu wa kukusaidia kutundika.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Karatasi ya A3 ni sentimita 29.7 kwa 42. Ukiibandika juu ya manila na kubakiza ukingo wa sentimita 5 kila upande, inakuwa takriban 40 kwa 52. Ikilala, na ukiacha sentimita 8 kati yake na jirani yake, kila picha inakula sentimita 60 za ukuta. Ukuta wa mita 20 basi unachukua picha 33 kwa mstari mmoja, 66 kwa mistari miwili. Watoto 30 wenye kazi mbili mbili wanaenea, na nafasi 6 zinabaki kwa ajili ya yule atakayeleta picha kubwa kuliko alivyoandika kwenye fomu. Huyo hakosekani. Sehemu zenye swichi, kizimamoto au mlango wa dharura usizihesabu kabisa. Mstari wa tatu usijaribu: wa chini utapigwa magoti, na wa juu watoto hawataufikia kwa macho, wakati maonyesho ni yao.

Kabla ya kulipia ukumbi, uliza mambo mawili: nini kinaruhusiwa kubandikwa au kupigiliwa ukutani, na je, mnaweza kuingia jioni ya siku iliyotangulia. Jibu la swali la kwanza usiliamini kwa maneno tu. Bandika kipande cha tepu utakayoitumia kwenye kona isiyoonekana, kiache saa 24, kisha kibandue. Kikitoka na rangi ya ukuta, tafuta njia nyingine mapema. Njia ya kawaida ni kamba na vibanio vya nguo, ila kamba isiyoshikiliwa katikati hulegea, na picha zote huteleza taratibu kuelekea kwenye bonde hilo hadi zipandane. Ishikilie kila baada ya mita moja na nusu hadi mbili, na ufunge fundo dogo pande zote mbili za kila kibanio.

Sasa fomu. Watoto wa shule wana mwalimu wa darasa anayekusanya kazi, anayejua majina na anayempigia mzazi simu. Hapa hayupo, familia zimetawanyika, na kila nyumba ina ratiba yake. Fomu ndiyo inafanya kazi ya huyo mwalimu, kwa hiyo iwe kamili: jina la mtoto, umri, jina la kazi, vifaa vilivyotumika, upana na urefu kwa sentimita, simu ya mzazi, na saini. Weka maswali ya ruhusa yakiwa yametenganishwa: je, mtoto anaweza kupigwa picha? Je, kazi yake inaweza kuwekwa mtandaoni? Wapo wazazi wanaokubali la pili na kukataa la kwanza, na swali moja la jumla litawafanya wakatae yote. Ukutani andika jina la kwanza na umri tu. Mtaa anakoishi mtoto haumhusu mgeni.

Fomu hiyohiyo ibebe sharti moja linalohitaji kusemwa waziwazi: mkono uliochora uwe wa mtoto. Katika familia hizi mzazi ndiye mwalimu, na kishawishi cha kunyoosha mstari au kuongeza kivuli ni kikubwa. Wageni hutambua haraka, na mtoto hutambua kabla yao. Mzazi akate manila, aandike lebo, abebe. Jina la kazi alitoe mtoto mwenyewe, hata likiwa «Ng'ombe amekasirika kwa sababu ya mvua». Usilisahihishe.

Muda wa wiki nane unatosha. Wiki mbili za kwanza ni za ukumbi na fomu, tatu zinazofuata watoto wanafanya kazi, na fomu zifungwe wiki tatu kabla ya siku yenyewe ili uchore ramani ya ukuta ukiwa na vipimo halisi.

Kazi zipokelewe siku moja kabla. Weka meza mbili, moja ya kupokea na moja ya kukagua, na kila kazi ipewe namba inayoandikwa sehemu tatu: nyuma ya kazi, kwenye lebo na kwenye daftari. Lebo za mbele hudondoka. Namba ya nyuma ndiyo itakayokuokoa wakati wa kurudisha. Hapo kwenye ukaguzi ndipo matatizo yanapokamatwa. Michoro ya mkaa na pasteli huchafua kila inachogusa: ipulizie dawa ya kukaza, yaani ile inayoshikiza unga wa rangi kwenye karatasi, au spreyi ya nywele kama hakuna, ukiwa nje, umbali wa sentimita 30, mara mbili nyepesi na si mara moja nzito, maana matone huacha madoa. Picha za rangi ya akriliki zikipangwa moja juu ya nyingine hushikana hata zikionekana zimekauka. Tenganisha kwa karatasi ya kuokea. Rangi ya maji kwenye karatasi nyembamba hujikunja, hivyo ibandikwe pembe zote nne. Vyombo vya udongo ambao haujachomwa visishikwe kwenye mpini wala mdomo wa chombo. Vinyanyue kutoka chini kwa mikono miwili.

Kabla ya kutundika chochote, panga kila kitu sakafuni mbele ya ukuta wake. Kazi kubwa na zenye rangi kali zikae katikati ya ukuta, zenye uzito mdogo zisikae karibu na mlango au feni, na za rangi ya maji na kalamu za wino zisipigwe na jua la dirishani. Usipange kwa umri. Ukifanya hivyo, wa miaka mitano wanaishia kwenye kona yao ambayo wageni huipita wakitabasamu bila kusimama. Panga kwa mada au kwa rangi, wakubwa na wadogo wakichanganyika.

Majumba mengi ya sanaa huweka kitovu cha picha kwenye sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Kwa watoto shusha hadi 135. Kwa mistari miwili ya picha tulizozihesabu, hiyo 135 inakuwa katikati ya mistari yote miwili: kitovu cha mstari wa juu kinakaa kwenye 159, cha chini kwenye 111. Vuta uzi ulionyooka ukutani kwa pimamaji na ufuate uzi, usifuate dari wala sakafu, kwani mara nyingi hazijanyooka. Hesabu dakika 5 hadi 6 kwa kila kazi: kazi 60 na jozi tatu za watu ni saa mbili, bila chai. Vinyago na ufinyanzi viwekwe kwenye meza iliyosogezwa ukutani, sentimita 15 ndani kutoka ukingoni. Meza ya vinywaji ikae upande wa pili kabisa wa ukumbi.

Tuzo za kwanza, pili na tatu hatuzipendekezi. Mtoto wa miaka sita na wa kumi na sita hawana mizani moja. Badala yake weka bahasha chini ya kila kazi, vipande vya karatasi na penseli, ili wageni waandike walichokiona. Mpe mtu mmoja jukumu la kupita kila nusu saa kukagua bahasha na kuwapeleka wageni kwenye zile tupu. Hili lisipopangiwa mtu, bahasha za watoto wenye ndugu wengi hujaa na nyingine zinabaki tupu.

Saa mbili zinatosha kwa wageni. Watoto wapokezane uongozaji kwa zamu za dakika 20. Tangaza mapema kwamba hakuna kazi itakayoshushwa kabla ya muda kwisha, maana familia ya kwanza kuondoka na picha zake huzivuta nyingine. Kurudisha ni kwa namba na saini kwenye daftari, na fomu iwe imeshasema kazi ambazo hazijachukuliwa zitatunzwa siku 30. Tepu ibanduliwe polepole, ikivutwa sambamba na ukuta na si kuelekea kwako. Iliyoganda ipashwe moto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele, itaachia.