Kabla hujashika jembe na jua la Oktoba

Oktoba ya Tabora mvua bado, jua limekaza, na matuta yanamsubiri mwenyewe. Mbegu umeshahesabu, jembe umetia mpini mpya. Mwili je?

Anza na kazi ndogondogo wiki moja au mbili kabla ya ile kubwa. Juu ya figo zimekaa tezi mbili, na moja ya homoni zake, yaani kemikali zinazopeleka ujumbe mwilini kupitia damu, ni aldosteroni. Ukitoka jasho siku kadhaa mfululizo, figo huona maji na chumvi vinapungua, hutoa kimeng'enya kiitwacho renini, na mlolongo unaofuata huiamsha aldosteroni. Hiyo huzifanya figo na tezi za jasho zirudishe chumvi mwilini. Ndiyo maana jasho la aliyezoea jua halina chumvi nyingi kama la mgeni aliyeshuka jana kwenye treni kutoka Dar es Salaam. Ila homoni hii ni ya mwendo wa pole: kazi yake huchukua saa kadhaa, na kuzoea kwenyewe ni siku kadhaa. Haiharakishwi.

Homoni nyingine, vasopresini, ndiyo ya haraka. Hutengenezwa ubongoni, huachiliwa damu inapokolea chumvi, na baada ya muda mfupi figo hubana maji. Mkojo wa njano iliyoiva ni dalili yake, kwa hiyo uangalie asubuhi kabla ya kutoka. Ukiwa umekolea, kunywa kwanza. Na wanzuki wa usiku wa kuamkia shamba usubiri. Pombe huizima homoni hiyo, ukakojoa maji ambayo ungeyatafuta saa sita mchana.

Kosa la wachapakazi ni kubeba dumu la maji na kusahau chakula. Ukitoka jasho kutwa huku unagugumia maji matupu kupita kiu, sodiamu ya damu, yaani madini yaliyomo kwenye chumvi, ambayo kawaida ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita, hushuka. Kichwa kinauma, kichefuchefu, mtu anaanza kuongea ovyo. Na wenzake, kwa huruma, wanamwongezea maji! Matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ni matamu lakini chumvi hayana, basi yafungie pamoja na dagaa au karanga zilizotiwa chumvi.

Mwenye presha apite zahanati kwanza. Baadhi ya dawa zake huzuia mlolongo uleule wa renini, nyingine huongeza mkojo. Aulize afanyeje siku za jua kali, na asiache dawa wala kujiongezea chumvi eti kwa sababu amesoma hapa.