Kupima utando wa ndani wa mishipa kwa altrasaundi kwenye baridi ya Mbeya na Iringa

Kipimo hiki kinauliza swali moja: damu ikipita kwa kasi kwenye ateri ya mkono, ateri inatanuka au haitanuki? Utando wa ndani wa mshipa, yaani endothelia, ukiwa mzima hutoa naitriki oksaidi na misuli ya mshipa hulegea. Kisukari, presha, ugonjwa wa figo na VVU huudhoofisha, mara nyingi kabla mshipa haujaanza kuziba.

Tunachotafuta ni kidogo mno. Ateri ya milimita 4.00 ikifika 4.20, imetanuka kwa asilimia 5, na hiyo 0.20 ni kama unene wa karatasi mbili. Ukikosea kwa 0.1 tu, nusu ya jibu lako imekwenda. Kwa hiyo kazi kubwa iko kabla ya kuwasha mashine.

Mpigie mgonjwa siku moja kabla. Asile kwa saa 6 au zaidi, maji ruksa. Tangu jioni asiguse kahawa, sigara wala pombe, na ulanzi ni pombe. Chai ndiyo inayotuharibia kazi zaidi: muulize kwa jina, “Umekunywa chai ya rangi?”, maana wengi huku hawaihesabu kuwa kitu. Asije akipandisha mlima kwa miguu. Dawa zake asiache bila daktari wake kusema. Wewe andika jina na saa aliyomeza. Anayechoma insulini apangiwe dozi na daktari, awe wa kwanza asubuhi, na apimwe sukari akifika.

Chumba kiwe na nyuzijoto 22 hadi 24. Juni na Julai hilo halipatikani lenyewe. Washa hita saa moja mapema, isimpulizie mgonjwa. Baridi hubana mshipa, na anayetetemeka haachi picha itulie. Aliyeshuka kwenye bodaboda na vidole vya barafu apate joto kwanza, kisha alale chali kimya dakika 15 hadi 20. Simu izimwe.

Mkono wenye fistula ya kusafishia damu, au ulio upande wa titi lililoondolewa, usifungwe mkanda. Mwenye selimundu asipimwe bila idhini ya daktari.

Mkanda wa presha ndio utakaozuia damu kwa muda. Ufunge chini ya kiwiko. Ukiufunga juu, mshipa unaoupima nao unakosa damu, na jibu halitokani tena na naitriki oksaidi peke yake. Probu (kichwa cha altrasaundi kinachogusa ngozi) bapa ya megahezi 7 hadi 12 iweke sentimita 2 hadi 10 juu ya kunjo la kiwiko, kwenye stendi. Mkono wa mtu unachoka. Tafuta picha ya urefu wa ateri ambamo kuta zote mbili zinaonekana kama mistari iliyo wazi. Pembe ya Dopla, yaani sehemu ya mashine inayopima kasi ya damu, isizidi nyuzi 60. Rekodi dakika 1.

Kabla ya kujaza mkanda, sema: “Mama, mkono utakufa ganzi na vidole vitabadilika rangi. Usikunje ngumi, usivute mkono.” Jaza hadi angalau milimita 50 za zebaki juu ya namba ya juu ya presha yake: mwenye 150, fika 200. Shikilia dakika 5 kamili. Achia ghafla, si kidogo kidogo, kwa sababu ni wimbi la damu linalousukuma utando. Rekodi mfululizo dakika 3. Usipime sekunde ya 60 peke yake. Kwa wazee na wagonjwa kilele cha kutanuka huchelewa. Soma kipenyo mwisho wa moyo kutulia, ukifuata mstari wa ECG (kipimo cha umeme wa moyo).

Hesabu: kilele toa kipenyo cha mwanzo, gawa kwa kipenyo cha mwanzo, zidisha kwa 100. Andika na kipenyo cha mwanzo chenyewe, kwa kuwa 0.20 ileile kwenye ateri ya milimita 3.2 inatoa asilimia 6.25, na mwenye mshipa mdogo anaonekana mzima kuliko alivyo. Umeme ukikatika katikati, au probu ikihama na ukuta ukafifia, futa. Usijaze pengo kwa kukisia.

Jibu likiwa dogo, huenda tatizo ni misuli ya mshipa, si utando. Daktari akiwepo, na mshipa ukisharudi kawaida, anaweza kuagiza naitrogliserini ya miligramu 0.4 chini ya ulimi. Misuli ikiwa mizima, mshipa utatanuka hata utando ukiwa umechoka. Asipewe mtu ambaye namba ya juu ya presha yake iko chini ya 100, wala aliyemeza dawa za nguvu za kiume kama sildenafil.

Jibu la kipimo kimoja cha mtu mmoja halitoshi kumwambia ana ugonjwa. Linafaa kulinganisha makundi, au mtu yuleyule miezi kadhaa baadaye: mkono uleule, saa ileile, hita ileile, na kwa mwanamke anayepata hedhi, siku zilezile za mzunguko.