Betri ya ndimu: nunua misumari ya bati

Ukiwafanyia watoto wa mtaa jaribio la betri ya ndimu, chukua misumari ya kuezekea bati, ile ya kijivu iliyopakwa zinki. Msumari wa kawaida wa mbao hutoa umeme hafifu mno. Chomeka msumari mmoja kwenye kila ndimu, na upande wa pili waya wa shaba uliomenywa sentimita 3, visigusane ndani. Ndimu moja hutoa takriban volti 0.9 na LED nyekundu (kijitaa chenye miguu miwili) inataka karibu 2, lakini unganisha ndimu nne, maana volti hushuka taa ikiunganishwa: shaba ya hii kwa msumari wa ile. Mguu mrefu wa LED uende kwenye shaba iliyobaki mwishoni, mfupi kwenye msumari uliobaki. Haiwaki? Geuza miguu kwanza. Mwanga ni mdogo sana, wakusanye kivulini. Zinki imeshayeyuka humo, kwa hiyo ndimu hizo zisiliwe.