Kifungua kinywa cha haraka kwa sisi tunaotoka nyumbani kabla jua halijachomoza

Kama unaishi Mukono, Gayaza au huko barabara ya Entebbe na kazi yako iko katikati ya Kampala, unajua vile asubuhi inakuwa. Saa kumi na moja na nusu uko macho, watoto wanatafuta soksi, gari la shule linapiga honi nje, na ukichelewa kidogo tu kupanda taksi unakuta foleni imeshajaa na unaingia ofisini watu wako kwenye kikao. Kwa hiyo wengi wetu tunatoka na chai ya sukari na mandazi moja, au hatuli kabisa, alafu ikifika saa nne tumbo linanguruma tunakimbilia sumbusa na soda.

Mimi naona shida sio asubuhi yenyewe. Shida ni kwamba chakula cha asubuhi tunaanza kukifikiria ikiwa asubuhi tayari, na hapo ndo tunashindwa, maana sigiri peke yake mpaka makaa yashike moto vizuri ni dakika 15 au 20, na bado hujaweka sufuria. Ukitaka kula vizuri saa kumi na mbili, kazi kubwa ifanye usiku moto wa chakula cha jioni ukiwa bado unawaka. Makaa yameshalipiwa, yasizimike bure.

Karibu kila kitu ninachosema hapa unakipata kwenye masoko ya Kalerwe na Nakawa, ama kwenye kibanda cha jirani. Ukiangalia sahani yako tafuta vitu vitatu, kitu cha kushibisha kama wimbi, kiazi, muhogo au ndizi, kitu cha kujenga mwili kama yai, maharagwe, karanga au maziwa, na tunda. Chai na mandazi ni ngano, mafuta na sukari, basi, ndo maana njaa inarudi mapema.

Tuanze na uji wa wimbi kwa sababu huo ndo naupenda kuliko vyote na ndo unaookoa familia yenye watoto wengi. Wimbi lina calcium nyingi kuliko nafaka zetu nyingine, karibu miligramu 340 kwa gramu 100 za wimbi kavu, yaani kwa watoto ambao maziwa hawapati kila siku ni msaada mkubwa sana wa mifupa. Ila unga ununue kwa akili. Sokoni kuna unga wa wimbi uliochanganywa na muhogo, huo ni wa kusonga kalo, yaani ugali wa wimbi, kwa uji omba wimbi tupu, au bora zaidi nunua punje mwenyewe, zioshe mara kadhaa mchanga uishe kabisa, anika zikauke, upeleke kwenye mashine ya kusaga.

Usiku chukua kikombe 1 cha unga, koroga na kikombe kimoja na nusu cha maji baridi mpaka mabonge yaishe. Chemsha vikombe vingine 5 vya maji, vikichemka mimina ule mchanganyiko polepole huku mwiko hautulii, alafu punguza moto uache uchemke dakika 15. Uwe mwepesi kidogo kuliko unavyoupenda kwa sababu ndani ya themosi utaendelea kuwa mzito. Wakati uji unachemka jaza themosi maji yanayotokota, funga, kaa nayo dakika 5, mwaga, alafu mimina uji hapo hapo ukiwa bado unatokota na ujaze mpaka juu, kwa sababu themosi iliyojaa nusu inapoa haraka. Asubuhi unafungua unakuta moto kabisa, huwashi chochote. Maziwa na sukari usiweke usiku, weka asubuhi kwenye kikombe. Na kama themosi yako imechoka, ukifungua ukakuta uji umekuwa vuguvugu tu, usiupe watoto hivo, uchemshe tena siku hiyo na ujue themosi ni ya kubadilisha.

Kwenye kikombe kamulia limau au weka maji ya ukwaju kama wanavyofanya ndugu zetu wa kaskazini. Inaleta utamu wa uchachu, unapunguza sukari bila kuhisi, na vitamini C ya limau inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye wimbi. Ongeza kijiko kikubwa cha karanga za kusaga, koroga, na hapo mtu mzima anafika saa saba bila kutafuta sumbusa. Kuna wanaochanganya unga wa soya, ni sawa, lakini soya lazima iwe imekaangwa au kuchemshwa kabla ya kusagwa na uji wake uchemke vizuri, soya mbichi inasumbua tumbo na inazuia mwili kutumia protini.

Nikiwa bado kwenye karanga, hapa naomba mnisikilize. Karanga zikivuta unyevu zinaota ukungu unaotoa sumu inayoitwa aflatoxin, na sumu hiyo haiishi kwa kuzipika wala kuzikaanga jikoni, na ukiila kidogo kidogo miaka mingi inaharibu ini. Kwa hiyo zile karanga zilizosagwa tayari zinazopimwa kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, sokoni mimi sinunui, kwa sababu huwezi kujua zilikuwaje kabla ya mashine. Nunua punje nzima, kaa chini na watoto mzichambue, yoyote iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu au chungu mdomoni itupe, alafu zikaange na uzisage mwenyewe au upeleke mashineni usimame pale pale. Kopo moja linatosha wiki nzima. Kama una mtu anayetoka Gulu au Lira mwambie akuletee odii ya nyumbani kwao ambayo karanga zake zilichambuliwa hivyo hivyo, ile ya karanga na simsim (ufuta) zilizosagwa pamoja, ukipaka juu ya muhogo wa kuchemsha au kiazi unasahau kabisa mambo ya siagi ya dukani.

Sasa viazi vitamu. Watu wengi wa mjini wanaviona chakula cha kijijini na hii inaniuma, kwa sababu vile vya rangi ya chungwa ndani vina vitamini A nyingi kiasi kwamba kiazi kimoja kidogo, gramu 125 hivi, kinamtosha mtoto mdogo kwa siku nzima. Na kazi kubwa ya kutupatia aina hizo imefanyika hapa hapa kwetu, mtafiti wetu Robert Mwanga alikuwa mmoja wa wanne waliopewa tuzo ya World Food Prize mwaka 2016, watatu kati yao kwa kazi ya viazi hivi. Sokoni uliza Kabode au Vita, au mwambie tu muuzaji akukatie kimoja uone rangi.

Vioshe usiku, visugue, usimenye, vikate vipande vinene kama vidole viwili na uviache kwenye sufuria yenye maji. Asubuhi mwenye gesi au jiko la umeme anawasha tu akienda kuoga, dakika 15 vimeiva, na kwenye sufuria hiyo hiyo unatumbukiza mayai yaliyooshwa, yachemke dakika 10 pamoja na viazi, umepata vyote viwili kwa moto mmoja. Kama unatumia makaa vipike usiku, na asubuhi vile vya baridi unavila na uji wa themosi. Na usivile vikavu, vitamini A inahitaji mafuta kidogo ili mwili uichukue, kwa hiyo paka odii au ovakado juu.

Ovakado yenyewe ni kifungua kinywa kamili ukiwa na haraka mbaya kabisa. Ponda nusu na uma, chumvi, limau, vipande vya nyanya, paka kwenye mkate wa ngano nzima au funga ndani ya chapati ya jana. Dakika 3. Msimu wake ukifika bei inashuka sana, tusiyaache yaozee chini ya miti huku tunanunua mafuta ya kupaka mkate.

Rolex, yaani yai lililoviringishwa ndani ya chapati, najua mlikuwa mnaisubiri. Ile ya barabarani Wandegeya tuliyoizoea ni tamu, siwezi kusema vinginevyo, lakini chapati imekaangwa na mafuta mengi, yai limekaangwa na mafuta mengine, na kabichi ni ya kuhesabu. Ukiifanya nyumbani inabadilika kabisa. Chapati pika usiku au Jumapili kwa unga wa ngano nzima nusu na mweupe nusu, mafuta kidogo. Asubuhi piga mayai 2 na kitunguu, nyanya, pilipili hoho na mboga za majani kama nakati au dodo iliyokatwa nyembamba sana, mboga iwe nyingi kuliko yai, kaanga na kijiko kidogo cha mafuta, ukigeuza weka chapati juu ipate moto, viringisha, funga kwenye karatasi safi, kula kwenye taksi. Hii ni dakika 7 kama mboga zilikatwa usiku na gesi iko. Yai lililokaangwa usilipike usiku ukalilaza mezani, hiyo ipikwe asubuhi tu.

Katogo, yaani matoke yaliyopikwa sufuria moja na matumbo au maharagwe, wengi wanasema ni ya mwisho wa wiki, na ile ya matumbo kweli inataka muda. Ila ya maharagwe inawezekana hata Jumanne. Siku moja katika wiki loweka maharagwe tangu jioni hadi kesho yake, mwaga yale maji, chemsha sufuria kubwa. Mwenye friji anagawa kwenye vikopo na yanakaa siku 3 au 4. Asiye na friji apike ya jioni na asubuhi tu, ayachemshe tena usiku kabla ya kulala, ayafunike, na asubuhi yachemke vizuri kabla ya kuliwa, yakianza kutoa povu au harufu ya uchachu ni ya kumwaga. Matoke menya usiku uyaache ndani ya maji yasiwe meusi. Asubuhi nyanya, kitunguu, matoke yaliyokatwa katikati, maharagwe na maji yake, funika, dakika 25. Ni ndefu kuliko vingine, lakini nyumba yenye watu sita wote wanakula sufuria moja na hakuna anayedai mkate.

Asubuhi ambayo hata themosi ilikuwa tupu, ndizi 2 mbivu, konzi ya karanga ulizochambua, na chupa ya mtindi, au bushera, kile kinywaji cha mtama au wimbi kilichochachushwa, kwa watu wa Kigezi na wanaowapenda. Bushera ya dukani soma chupa, nyingine zimejaa sukari, ile anayotengeneza mama nyumbani ndo nzuri. Kipande cha papai au embe kama kipo. Unakula umesimama, na bado umekula vizuri kuliko yule mwenye mandazi manne.

Chai sikukatazi, ila kama nyumbani kuna mama mjamzito, binti aliyeanza hedhi au mtoto aliyeambiwa damu yake ni kidogo, chai isinywewe pamoja na uji au maharagwe, maana majani ya chai yanazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Waache saa nzima ipite ndo wanywe, hata kama ni ya maziwa. Kwa wanaokunywa kazini hii ni rahisi, unakula nyumbani, chai unaikuta ofisini saa nne. Watoto wadogo wape uji, chai hawaihitaji.

Na wale wanaobeba chakula, kopo lenye mfuniko unaokaza ni bora kuliko kaveera, viazi na mayai vinakaa vizuri humo, yai uliache na ganda lake mpaka ukifika, na uwe umeshakula kabla ya saa tatu asubuhi kwa sababu kwenye taksi iliyojaa, joto linaharibu chakula mapema kuliko unavyofikiri.