Antena za Wi-Fi kwa kompyuta ndogo ya sebuleni: anza na mahali, dBi baadaye

Hakuna kifaa cha Wi-Fi kinachowekwa mahali pabaya kama kompyuta ndogo ya kuangalizia filamu. Kasha lake ni la chuma, limesukumwa hadi mwisho wa kabati, na karibu yake kuna runinga ambayo mgongoni nayo imejaa chuma. Filamu ikianza kugandaganda, lawama zote anabebeshwa ruta. Mtu akiniuliza anunue antena ya dBi ngapi (kipimo cha jinsi antena inavyoyaelekeza mawimbi), mimi humuuliza kwanza kompyuta inakaa wapi.

Na kama unaweza kufikisha waya wa mtandao hadi hapo, ufikishe, uachane na mwongozo huu. Tusioweza, tuendelee.

Hatua ya 1: Pima kwanza

Washa kompyuta ikiwa palepale itakapokaa, usiipimie mezani. Kwenye Linux, andika `iw dev` upate jina la kadi ya Wi-Fi, kisha `iw dev wlan0 link` (weka jina ulilopata badala ya wlan0). Utaona namba hasi. Kadiri inavyosogea kwenye sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu: -50 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi) ni raha tupu, -67 bado inabeba video vizuri, -80 ni mateso. Kwenye Windows, `netsh wlan show interfaces` itakupa asilimia. Iandike namba hiyo kwenye karatasi, tutairudia.

Jua pia unataka kupitisha nini. Filamu ya 4K ya intaneti kwa kawaida hutosheka na Mbps 25 hivi (megabiti kwa sekunde). Faili lililonakiliwa kutoka diski ya Ultra HD Blu-ray ni habari nyingine, maana diski hizo zinaweza kufika Mbps 128.

Hatua ya 2: Fungua kasha, itazame kadi

Hesabu vitundu vya antena kwenye kadi. Mara nyingi ni viwili, basi unahitaji antena mbili. Pakiti ya antena tatu haikusaidii kitu, na ukiunganisha moja tu unapoteza njia ya pili ya data.

Kadi za siku hizi, za umbo la M.2, hutumia vichwa vidogo vya waya wa antena viitwavyo MHF4. Zile za zamani, za umbo la mini PCIe, hutumia U.FL, ambavyo ni vikubwa kidogo. Kwa macho vinafanana kama mapacha, kwa hiyo kichwa kikikataa kuingia usikilazimishe. Kiweke wima juu ya kitundu, bonyeza kwa ukucha mpaka usikie "tik". Kukitoa, kiinue kwa ncha ya kibano. Usivute waya. Vichwa hivi havikuundwa kuchomekwa na kuchomolewa kila wiki.

Hatua ya 3: Angalia tundu la nje

Nyuma ya kasha, karibu kila mara utakuta tundu la aina ya RP-SMA: lina nyuzi za skrubu kwa nje na kisindano katikati. Antena yake ina nati yenye nyuzi kwa ndani, na katikati ni kitobo. Ipo pia SMA ya kawaida, ambayo mpangilio wa kisindano na kitobo umegeuzwa. Nyuzi ni zilezile, na hapo ndipo penye mtego. Niliwahi kuunga waya wa kurefusha wa SMA kwenye antena ya RP-SMA. Ulikaza vizuri kabisa, lakini ndani kitobo kilikuwa kinatazamana na kitobo, hakuna kilichogusana. Jioni nzima ilikwisha nikibadilisha programu endeshi za kadi. Tazama katikati kabla ya kulipa.

Hatua ya 4: Chagua antena yenyewe

Antena haizalishi nguvu. Kinachoitwa dBi kinaonyesha imeyabana mawimbi kiasi gani kuelekea upande fulani. Fikiria puto: ukilikandamiza kwa juu, linatanuka pembeni na kupoteza kimo. Antena ndefu ya fimbo ya 9 dBi hufanya hivyohivyo. Ikisimama wima, inafika mbali kwa usawa wake, na juu na chini inapanyima. Nilipofunga mbili za aina hiyo huku ruta ikiwa ghorofa ya juu, namba yangu ilishuka. Nikarudisha zile fupi, ikapanda. Kwa nyumba, 2 hadi 5 dBi zinatosha.

Hakikisha antena inashika masafa ya 2.4 na 5 GHz, na 6 GHz kama kadi na ruta ni za Wi-Fi 6E.

Sasa umbo. Vijiti vinavyofungwa moja kwa moja mgongoni mwa kasha ni rahisi, ila vinabaki kivulini mwa chuma. Antena za utepe zinazobandikwa ndani zinafaa tu kama kasha lina upande wa plastiki au kioo. Ninachokipenda mimi ni antena yenye kitako na waya wake, kwa sababu kompyuta inabaki kabatini na antena inatoka nje. Waya usizidi mita moja: ukiwa mwembamba, mita hiyo inaweza kumeza desibeli mbili kwenye 5 GHz, na desibeli tatu ni nusu ya nguvu yote.

Hatua ya 5: Iweke, kisha pima tena

Itoe antena ivuke ukingo wa runinga. Kama vijiti vinapinda, simamisha kimoja na ulaze cha pili. Iweke mbali na diski za nje na nyaya za USB 3.0, kwani hizo hutoa kelele kwenye 2.4 GHz. Kadi nyingi hutumia antena mojawapo kwa Bluetooth pia, kwa hiyo kibodi iliyokuwa ikirukaruka herufi huenda ikatulia hapohapo.

Rudia amri ya hatua ya kwanza, linganisha na karatasi yako. Sogeza sentimita tano, pima. Wimbi la 5 GHz lina urefu wa sentimita 6 tu, hivyo kusogea kidogo kunaweza kubadilisha namba waziwazi. Ukipata pazuri, kumbuka kitako cha sumaku hakishiki mbao. Kibandike kwa gundi ya pande mbili na uchore alama kwa penseli, maana atakayefuta vumbi atakisogeza tu.