Jinsi ya kuandika maisha ya mcheza jimnastiki wa Cuba aliyekuja kuwa profesa

Mfano wangu ni Rafael Lecuona, Mcuba aliyecheza jimnastiki Olimpiki ya London 1948, baadaye akawa anafundisha sayansi ya siasa chuo kikuu kule Laredo, Texas. Ukitaka kuandika habari za mtu kama huyu anza na jina, tarehe ya kuzaliwa itakuja tu. Ukitafuta mtandaoni kwa kuandika Lecuona peke yake unaletewa Ernesto Lecuona, yule mpiga piano na mtunzi maarufu wa Cuba, mimi nilisoma karibu nusu saa nikishangaa mbona michezo haitajwi. Na kwenye timu ya 1948 kulikuwa na Fernando Lecuona pia, kwa hiyo jina la kwanza usiliache kamwe. Wacuba wana majina mawili ya ukoo, la baba alaf la mama, lile la mwisho kuna watu wanalikata na wengine wanalibakiza, jaribu yote mawili.

Ukishampata, tafuta mashindano yenyewe yalikuwaje. Medali usizipe kipaumbele sana, wengi hawakupata. London 1948 jimnastiki ilipangwa ifanyike nje, Wembley, hali ya hewa ikaharibu mipango wakahamia ndani Empress Hall. Wafini, yaani watu wa Finland, ndo walitamba, tena kwenye kile kifaa chenye mishikio miwili ambacho mtu anazungusha miguu juu yake, Wafini watatu walilingana pointi na wote wakapewa dhahabu. Ukiandika hivo msomaji anaelewa kijana wa Cuba alikuwa anapambana na watu gani. Na tafadhali andika jimnastiki, sio sarakasi, sarakasi ni ya kutumbuiza watu na hii ina majaji.

Sasa hapa kwenye uprofesa ndipo wengi wanateleza. Kwa Kihispania "profesor" ni mwalimu yeyote, hata wa michezo sekondari anaitwa hivohivo. Kwetu Tanzania na Kenya profesa ni cheo cha juu kabisa, mtu amepita uhadhiri, uhadhiri mwandamizi, ndo afike. Marekani nako wako katikati, hata mhadhiri anayeanza ngazi ya chini kabisa wanafunzi wanamwita profesa. Kwa hiyo ukikuta neno hilo jiulize limeandikwa kwa lugha gani na nchi gani, alaf utafute alikuwa idara ipi na anafundisha somo gani, ukikosa andika tu "alifundisha chuo kikuu", haina ubaya.

Angalia na mwaka wa kuondoka Cuba kama aliondoka. Kabla ya Januari 1959, mapinduzi ya Fidel Castro yaliposhinda, na baada yake ni stori mbili tofauti kabisa, na Mcuba wa Havana na Mcuba wa Marekani hawatakusimulia kitu kimoja, wasikilize wote.

Chuo nacho kinaweza kukupoteza. Kile cha Laredo kilikuwa kinaitwa Laredo State University, 1993 kikawa Texas A&M International University, ukitafuta kwa jina moja unakosa nusu ya miaka. Mwisho soma tanzia, magazeti ya Marekani yanaandika maisha yote ya marehemu, ila nyingi zimeandikwa na familia, sifa zipunguze kidogo na miaka uihakikishe kwenye rekodi za Olimpiki.